Mlinda mlango wa timu ya taifa anayetaka kuwa kocha mkuu aanzie wapi?

Kaka wa Kipa aliuliza:

Habari zenu wadau. Mdogo wangu amekaa langoni kwa miaka mingi, amewahi kuitwa timu ya taifa, na sasa anakaribia kutundika glovu. Klabu yake imemwahidi kazi ya kocha wa makipa kuanzia msimu ujao. Ni heshima kubwa, lakini yeye anataka siku moja awe kocha mkuu, na anahofia kwamba akishaingia kwenye kona ya makipa hatatoka tena. Ukitazama mabenchi ya ufundi ya klabu zetu nyingi, hofu hiyo ina msingi: makocha wakuu walikuwa viungo au mabeki, na aliyekuwa kipa anaonekana pembeni akiwarushia makipa mipira kabla ya mechi. Hata hivyo, wazee hulitaja jina la marehemu James Siang'a kama ushahidi kwamba jambo hili linawezekana. Naomba wanaofahamu safari yake, au za wengine waliopita njia hiyo, watueleze walivukaje.

Mzee wa Mzunguko alijibu:

Ndugu yangu, umemtaja mtu anayestahili kukumbukwa kuliko tunavyomkumbuka. Siang'a alilinda lango la Luo Union, la Gor Mahia na la Harambee Stars, na alikuwamo kwenye kizazi kilichoipeleka Kenya kwa mara ya kwanza katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizofanyika Cameroon mwaka 1972. Kenya haikuvuka hatua ya makundi, lakini ilifungwa mechi moja tu, 2-1 dhidi ya wenyeji, na ikatoka sare na Mali na Togo. Baadaye alizifundisha timu za taifa za Kenya na Tanzania, na kwa upande wa klabu alipita Gor Mahia, Simba, Mtibwa Sugar, Moro United na Express ya Uganda. Alifariki dunia mwaka 2016.

Sisi wa Dar es Salaam tunamjua zaidi kwa mwaka 2003, alipokuwa kocha wa Simba. Zamalek ya Misri walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika, na Simba iliwafunga 1-0 hapa nyumbani. Kule Cairo Simba ikafungwa 1-0, ikabidi mshindi apatikane kwa mikwaju ya penalti. Juma Kaseja alikuwa langoni, marehemu Christopher Alex akapiga mkwaju wa mwisho ukaingia, na Simba ikatinga hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa pamoja na Enyimba, Ismaily na ASEC Mimosas. Ilichukua hadi msimu wa 2018/19 kwa Simba kurudi katika hatua hiyo. Kilichonivutia mimi ni zile dakika tisini za Cairo zaidi ya matuta yenyewe. Timu iliyokwenda kule ikiwa na bao moja tu la akiba haikutawanyika hata baada ya bao hilo kurudishwa, na ndani yake niliona mkono wa mtu aliyezoea kuipanga safu ya ulinzi kutokea nyuma.

Mwalimu wa Vijana alijibu:

Nakubaliana na Mzee kuhusu heshima ya Siang'a, ila ningeomba tusiichukulie safari yake kama uthibitisho kwamba kipa ana kipaji cha pekee cha ukocha. Kipa huuona uwanja wote ukiwa mbele yake, hupanga mabeki kwenye kona na mipira ya adhabu, na hujifunza kuwaongoza watu waliompa mgongo, tena kwa sauti tu. Hayo ni mambo makubwa. Lakini kuna sehemu ya mchezo ambayo haishi mwilini mwake. Nimewahi kufanya kazi na msaidizi aliyekuwa kipa hodari sana. Ukimkabidhi mabeki wanne, ndani ya nusu saa walikuwa wanasogea kama watu waliofungwa kamba moja. Ukimwambia amfundishe kiungo jinsi ya kupokea mpira akiwa amebanwa na mtu mgongoni, suluhisho lake kila mara lilikuwa kumrudisha kiungo huyo nyuma zaidi, karibu na mabeki, kwa sababu kutokea golini hapo ndipo alipozoea kuuona usalama. Hakuwa mvivu wala mjinga, bali kwa miaka yote ya uchezaji wake, wenzake walipokuwa wakifanya mazoezi ya kushambulia, yeye alikuwa upande wa pili wa uwanja na kocha wa makipa.

Hali hii imeanza kubadilika tangu mwaka 1992, sheria ilipomkataza kipa kudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Kipa wa leo hucheza pasi pamoja na timu, kwa hiyo mdogo wako huenda ana mtaji mkubwa kuliko makipa wa enzi za Siang'a.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalitilii maanani. Makipa kadhaa waliofika mbali katika ukocha hawakuwa nyota langoni. Nuno Espírito Santo alikuwa kipa wa akiba wa Porto iliyotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2004 chini ya José Mourinho, na hakuwahi kuichezea Ureno mechi hata moja. Julen Lopetegui aliichezea Hispania mara moja tu, akasugua benchi Barcelona, kisha akaja kuifundisha timu hiyo hiyo ya taifa na baadaye kutwaa Kombe la Europa na Sevilla mwaka 2020. Kipa wa akiba hukaa karibu na kocha wiki baada ya wiki, anasikia kwa nini fulani anatolewa na kwa nini mfumo unabadilishwa, na akiwa na akili ya kusikiliza, anasoma bila kulipa ada.

Shabiki wa Atlas alijibu:

Kwa upande wa nyota, msimsahau Badou Zaki wa Morocco. Mwaka 1986 alikuwa langoni wakati Morocco ilipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kuvuka makundi ya Kombe la Dunia. Akiwa kocha, aliifikisha Morocco fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2004, wakafungwa 2-1 na wenyeji Tunisia. Kisha akamaliza mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2006 bila kufungwa hata moja na bado akaikosa safari, kwa kuwa Tunisia ile ile ilimzidi pointi moja. Sare tano ndizo zilizomwangusha. Hapo nayakumbuka maneno ya Mwalimu hapo juu, kwamba kushambulia ndiko kunakompa shida kocha aliyekuwa kipa.

Kaka wa Kipa aliandika:

Nawashukuru sana. Mwalimu, kwa maelezo yako unamshauri aikatae kazi ya klabu?

Mwalimu wa Vijana alijibu:

Hapana, aikubali, lakini kwa masharti, na masharti hayo ayatoe sasa wakati klabu bado inamhitaji. Aombe akabidhiwe pia timu ya vijana, hata ya wadogo kabisa, awe mwalimu wao mkuu na si msaidizi. Hapo atalazimika kupanga mazoezi ya timu nzima, kuchagua kikosi, kumweleza mzazi kwa nini mwanawe hakucheza, na kutafuta bao pale mechi inapogoma. Aanze pia ngazi za leseni za ukocha za CAF, yaani Shirikisho la Soka la Afrika, mara moja, kuanzia D, kisha C, B na A, akiwa darasani na waliokuwa viungo na washambuliaji. Kozi za makocha wa makipa azichukue kama nyongeza. Na katika mazoezi ya timu ya wakubwa, makipa wakishamaliza sehemu yao, asiondoke kwenda kukusanya mipira na koni. Asimame karibu na kocha mkuu wakati wa mazoezi ya kushambulia, na baadaye amwombe dakika chache amuulize alichokuwa anakitafuta. Kocha mkuu akikataa kuulizwa, ajue mapema kwamba benchi hilo halitamfikisha anakotaka, na mkataba wake usizidi msimu mmoja.