Naomba ushauri: mpaka wa mradi wa LEED kwenye kiwanja chenye majengo mengine

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada kwa aliyewahi kusajili jengo moja la LEED (mfumo wa vyeti vya majengo rafiki kwa mazingira) ndani ya kiwanja kikubwa cha mmiliki mmoja.

Jengo letu ni jipya, ila maegesho linachangia na jengo la zamani, na maji ya mvua kutoka kwenye paa yanateremka hadi bwawa lililo ng'ambo ya barabara ya ndani. Masharti nimeyasoma: mpaka, yaani mstari unaozunguka ardhi inayohesabiwa kwenye mradi, ujumuishe ardhi yote inayopakana na jengo na kulihudumia, pamoja na ile itakayovurugwa na ujenzi; eneo la sakafu lisipungue asilimia 2 ya ardhi hiyo; na mstari uleule utumike kwenye pointi zote za kupatia cheti. Kukata kipande kwa kuvizia pointi ni marufuku, na ndivyo inavyotakiwa.

Ninapokwama ni kwenye maegesho. Tukiyaingiza yote, lami ile inatuharibia hesabu za joto na za maji ya mvua. Msanifu anapendekeza tuchukue sehemu inayolingana na nafasi za magari ya watumiaji wetu. Naona ni haki, mradi jengo la zamani lisije kuzihesabu tena nafasi hizohizo.

Je, wakaguzi wanaukubali mgawanyo huo? Na bwawa, mliliingiza kama kipande kilichojitenga au mliliacha nje na kuambatanisha maelezo? Tunataka kuuchora mstari kabla mkandarasi hajaanza kusafisha kiwanja, kwa sababu popote tingatinga litakapopita patalazimika kuwa ndani ya mpaka.