Tupeane uzoefu: vifaa vya kupikia bia nyumbani, hela inapotelea wapi?

Mzee wa Shayiri
Wakuu, swali la "boksi la kuanzia limeshushwa bei, nichukue?" limerudi tena. Fungua kwanza uone kilichomo. Chenye kazi ni ndoo ya lita 25 hadi 30 yenye mfuniko, kizibo cha kutolea hewa, haidromita (kipimo kinachoelea, kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye bia), kipimajoto, mpira wa kuhamishia na mashine ya kufunga vizibo. Mwiko wa plastiki, kijitabu na brashi ngumu ni vya kujazia boksi tu. Hiyo brashi itupe kabisa: inakwaruza ndoo, vijidudu vinajificha kwenye mikwaruzo na dawa haiwafikii. Ndoo huoshwa kwa kitambaa laini. Haya, mwageni mnachojua.

Kimea Kikavu
Gunia. Kilo 25 za kimea cha msingi ni mapishi matano ya lita 20, bia ya asilimia 5 hivi. Ila nunua kizima. Kikiwa mahali pakavu kinakaa miezi, kilichokwisha kuparazwa kinachuja ladha ndani ya wiki chache. Kinu kiache nafasi ya milimita 1 hivi. Ukisaga mpaka unga, machicha yanaganda na maji hayapiti.

Povu
Nakazia.

Dada Chungu
Kwenye hopsi, yale maua ya kutia uchungu na harufu, watu wanasoma bei ya pakiti, hawasomi asidi ya alfa, ambayo ndiyo inayoleta uchungu. Gramu 20 za asilimia 12 zinatia uchungu sawa na gramu 48 za asilimia 5, zikichemshwa muda uleule. Za uchungu chukua zenye asilimia kubwa, za harufu ndizo uchague kwa jina. Angalia mwaka wa mavuno, na pakiti ikiwa imelegea iache.

Povu
Si kila iliyolegea imeharibika, dada. Nyingine zimejazwa naitrojeni. Ukifungua ikanuka jibini, hapo ndipo umepigwa.

Mpishi wa Usiku
Hamira ya mikate ni spishi ileile, Saccharomyces cerevisiae. Mnalipia picha kwenye pakiti.

Kimea Kikavu
Spishi moja, tabia mbalimbali, mkuu. Ya mikate haitulii chini vizuri, bia inabaki na ukungu. Ukitaka kubana matumizi, nunua pakiti moja ya hamira ya bia, gramu 11, kisha vuna mashapo, ile hamira iliyotulia chini ya ndoo: robo lita kwenye mtungi uliosafishwa kwa dawa, mfuniko usikazwe, friji, tumia ndani ya wiki mbili. Vizazi vitatu au vinne, halafu nunua mpya.

Mpishi wa Usiku
Kwa hiyo mashapo ya wiki mbili ni masafi, hamira mpya ya dukani ndiyo mbovu?

Kimea Kikavu
Sijasema mbovu. Soma tena.

Kizibo
Acheni hamira. Hela inayouma kuliko zote ni ile iliyookolewa kwenye haidromita. Mambo huenda hivi: mtu hana kipimo, anahesabu mapovu kwenye kizibo cha hewa. Siku ya saba mapovu kimya, anajaza chupa 40 za nusu lita. Kumbe mfuniko wa ndoo unavujisha hewa pembeni, kwa haidromita bia iko 1.014 (maji matupu ni 1.000) na ilikuwa ishuke hadi 1.010. Nukta hizo 4 ni karibu gramu 8 za sukari kwa kila lita. Juu yake ametia gramu 6 kwa lita za kuleta gesi, yaani gesi mpya zaidi ya mara mbili ya alizopanga. Tena chupa ni zile nyembamba za kutumia mara moja. Wiki ya pili, usiku, moja inapasuka. Vigae vyake vinaigonga ya jirani, nayo inaitika. Asubuhi kreti ni vigae na povu, na kuna vipande vimezama kwenye mbao za mlango. Mtu akiwa amesimama pale, ni macho.

Povu
Duh.

Mzee wa Shayiri
Zilizobaki unazifanyaje?

Kizibo
Usiziguse kwa mikono mitupu. Miwani ya kinga, glavu nene, funika kreti kwa blanketi, zipoze kwanza ndiyo uzifungue. Na siku ya kujaza: vipimo viwili, siku tatu kati yake, namba ileile. Sukari gramu 120 kwa lita 20, iyeyushe kwenye maji yaliyochemka, imwage chini ya ndoo safi, bia ifuate juu yake. Usitie kijiko kwa kila chupa.

Mpishi wa Usiku
Au kunywa mapema kabla hazijapasuka 😂

Dada Chungu
Dawa ya kusafishia vyombo nayo: klorini ni rahisi ila suuza sana, ikibaki bia inanuka plasta ya kidonda. Usiichanganye na asidi, inatoa gesi ya sumu, na usiilaze kwenye sufuria ya chuma cha pua. Ya asidi ya fosforasi ni ghali kwa chupa, lakini unatia takriban mililita 1.5 kwa lita na husuuzi.

Povu
Turudi kwa haidromita, mpya unaipimaje?

Kizibo
Maji safi ya nyuzi 20, isome 1.000. Ikisoma 1.003 usiitupe, toa 3 kila mara. Na nunua mbili, ya kwanza inavunjika siku ya kuiosha.