Lincoln ipi ni ya Rais Abraham, na ipi si yake?

kadi_za_maktaba

Wakuu, habari za kutwa. Natengeneza kadi za faharasa kwa maktaba ya sekondari na jina Lincoln limenikwamisha. Kuna watu, miji, kaunti, gari, ndege ya kivita, meli na vyuo, vyote Lincoln. Vitabu kadhaa vinarundika kila kitu chini ya Abraham kana kwamba jina lilianzia kwake. Mji wa Lincoln wa Uingereza ni wa kale kuliko yeye, sasa nani kamwita nani? Na zile Lincoln zilizodondosha mabomu Nyandarua wakati wa Mau Mau, ziliitwa kwa heshima ya rais wa Marekani? Naomba njia ya kuzitenganisha, maana orodha tupu ninayo.

mpanga_rafu

Anza na mji wa Uingereza, rais atafuata. Warumi walikuwa na makazi ya askari wastaafu pale, Lindum Colonia, na kwa kutamkwa karne baada ya karne yakawa Lincoln. Watu waliotoka huko wakaitwa kwa jina la mji wao, likawa jina la ukoo. Mmoja wa ukoo huo, Samuel Lincoln, alihama Norfolk mwaka 1637 akaishia Hingham, Massachusetts. Huyo ndiye babu wa mbali wa Abraham. Kwa hiyo mji ulizaa jina la watu, kisha mtu mmoja akazaa majina ya miji mingine.

Kwa kila kadi uliza: nani alitoa jina, na mwaka gani? Abraham alijulikana Marekani nzima baada ya midahalo yake na Stephen Douglas mwaka 1858, akachaguliwa 1860. Mahali palipoitwa Lincoln kabla ya hapo, karibu kila mara si pake.

Anayeporwa sana ni Jenerali Benjamin Lincoln, mzaliwa wa Hingham hiyohiyo, ambaye mwaka 1781 pale Yorktown ndiye aliyepokea upanga wa Waingereza waliosalimu amri. Kaunti za Lincoln za North Carolina (1779), Kentucky (1780), Georgia (1796), Tennessee (1809) na Missouri (1818) ni zake huyo. Za Abraham ni kama Nevada (1866), West Virginia (1867), New Mexico (1869) na Mississippi (1870). Hiyo ya mwisho huwashangaza watu kwa kuwa Mississippi ilipigana dhidi yake, lakini mwaka 1870 jimbo lilikuwa mikononi mwa Republican, chama chake.

Kuna na Lincoln zisizo za yeyote kati ya hao wawili. Mji wa Lincoln, Massachusetts (1754) umechukua jina la Lincolnshire ya Uingereza. Lincoln ya New Hampshire (1764) ilipewa jina la lodi aliyekuwa Earl wa Lincoln. Port Lincoln ya Australia iliitwa hivyo na baharia Matthew Flinders mwaka 1802, kwa sababu kwao ni Lincolnshire.

Kanuni ya mwaka ina tundu moja unalopaswa kulijua: Lincoln, Illinois, ya 1853. Huo ni wa Abraham kabla hajawa rais. Alikuwa wakili wa waanzilishi wa mji, akaandaa hati zao, nao wakaupa jina lake. Inasimuliwa kwamba aliuzindua kwa kumimina maji ya tikiti.

spana_17

Upande wa magari. Kampuni ya Lincoln ilianzishwa mwaka 1917 na Henry Leland, fundi aliyekuwa tayari ameanzisha Cadillac. Aliichagulia jina la Abraham kwa kuwa kura yake ya kwanza ya urais, mwaka 1864, alimpa yeye. Kazi ya kwanza ya kiwanda haikuwa gari. Ilikuwa injini ya ndege iitwayo Liberty, ya V yenye silinda 12, lita 27, nguvu farasi takriban 400. Walitengeneza 6,500. Vita vilipokwisha wakageukia magari na kutoa Model L mwaka 1920. Injini ilikuwa safi, ila bodi ilionekana ya kizamani, oda zikachelewa, na uchumi wa Marekani ukaporomoka wakati huohuo. Februari 1922 Henry Ford akaununua mradi wote kwa dola milioni 8.

Kwenye kadi andika Lincoln (magari), halafu «Tazama pia: Ford Motor Company, Leland, Henry». Continental, Town Car na Navigator ni majina ya modeli, yakae chini ya kadi hiyo, usiyafungulie kadi za juu.

Na tafadhali usimchanganye Leland na Leyland ya mabasi na malori tuliyoyazoea huku kwetu. Leyland ni mji wa Lancashire, Uingereza, na kampuni ilichukua jina la mji. Hawahusiani kabisa. Nimeona kosa hilo limechapishwa kitabuni.

Kuhusu kwa nini gari za Lincoln hatuzioni barabarani: zinatoka na usukani wa kushoto, na sisi Kenya na Tanzania tunaendesha upande wa kushoto. Nchi za Ghuba utaziona.

mnara_wa_ndege

Jibu la swali la Nyandarua: hapana, hazikuitwa kwa heshima ya rais. Waingereza walikuwa na desturi ya kuzipa ndege zao kubwa za mabomu majina ya miji: Halifax, Stirling, Lancaster, Lincoln. Avro Lincoln ni mtoto wa Lancaster. Kwenye michoro ya kwanza iliitwa Lancaster IV na V, lakini mabadiliko yakawa mengi mno wakaipa jina lake. Iliruka mara ya kwanza Juni 1944, injini 4 za Merlin, upana wa mabawa mita 36.6, na ikaingia kazini vita vya Ulaya vikiwa vimeshamalizika.

Kenya zililetwa kuanzia 1953, baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952. Vikosi vilipokezana kutoka Uingereza, vikikaa uwanja wa Eastleigh, Nairobi, ambao leo ni kambi ya jeshi la anga ya Moi. Zilipiga misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya hadi 1955. Ndege ile iliundwa kwa ajili ya viwanda na miji, shabaha isiyohama. Wapiganaji waliotawanyika chini ya miti hawaonekani kutoka juu, ndiyo maana mabomu mengi yaliishia kuchimba mashimo msituni.

Kadi yake iwe Lincoln (ndege, Avro), na uielekeze kwa mji wa Uingereza. Meli nazo zina mtego: HMS Lincoln ya Waingereza inafuata mji, wakati USS Abraham Lincoln ya Wamarekani, inayobeba ndege, iliyoanza kazi mwaka 1989, inamfuata rais. Kwa meli, kiambishi mbele ya jina karibu kinakupa jibu.

kadi_za_maktaba

Asanteni sana, mmenifungua macho. Mawili yamebaki. Nimesoma kwamba Lincoln ya Nebraska zamani iliitwa Lancaster. Je, hiyo ndiyo sababu ya ndege Lancaster kuzaa Lincoln? Na vyuo nivipange vipi?

mnara_wa_ndege

Hiyo ya Lancaster ni sadfa tu, mkuu, ingawa tamu. Nebraska walibadili jina la kijiji mwaka 1867 walipokifanya mji mkuu wa jimbo. Husemwa kuwa mjumbe mmoja wa Omaha ndiye aliyependekeza jina la Lincoln, akitumaini Wademokrasia wa kusini ya mto Platte wataliona chungu na kuikataa hoja nzima ya kuhamisha makao makuu. Wakapiga kura ya ndiyo. Kiwanda cha Avro hakikuwa na habari na Nebraska.

mpanga_rafu

Vyuo, tumia njia ileile. Lincoln University ya Pennsylvania ilianza mwaka 1854 kwa jina la Ashmun Institute, ikabadilishwa 1866 kumuenzi Abraham aliyeuawa mwaka uliotangulia. Hiyo usiiache, wanafunzi wataitafuta: Nnamdi Azikiwe na Kwame Nkrumah walisoma pale. University of Lincoln ni ya mji wa Uingereza. Lincoln University ya New Zealand imefuata mji ilipo, nao mji ulifuata Earl wa Lincoln.

Huyo Earl ndiye atakayekusumbua kwenye herufi. «Lincoln» kwake ni cheo, si ukoo. Ukoo wake ni Clinton. Kadi kuu iwe chini ya Clinton, na kwenye L uweke kadi fupi ya «Lincoln, Earl wa: tazama Clinton». Ukimweka pamoja na akina Abraham na Benjamin, msomaji atadhani ni ndugu.

spana_17

Ukifika herufi F utakuta mtego wa namna hiyohiyo. Abraham alipigwa risasi Ford's Theatre mwaka 1865, jumba la John T. Ford, ambaye si jamaa wa Henry wa magari. Kennedy naye alipigwa risasi mwaka 1963 akiwa ndani ya Lincoln Continental iliyotengenezwa na Ford. Halafu Gerald Ford, aliyezaliwa kwa jina la Leslie King na kupata «Ford» kwa baba wa kambo, alipoapishwa kuwa makamu wa rais Desemba 1973 alisema yeye ni Ford, si Lincoln. Alikuwa anataja gari na rais kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo kadi za Ford zinahitaji mabano kama za Lincoln: Ford (magari), Ford, Gerald, Ford, Henry, Ford, John T., bila «tazama pia» kati ya hao watatu. Mshale unaoruhusiwa ni mmoja tu, kutoka Henry kwenda magari.