Tupeane uzoefu: neno gani gumu la Kiingereza liliwahi kukuumbua?

Wakuu, nianze mwenyewe. Nilikuwa na miezi mitatu kazini, nataka bosi ajue huyu kijana kasoma. Nikamwandikia barua pepe kumshukuru kwa kusimamia mradi: "Thank you for your oversight." Kamusi ilisema "oversight" ni usimamizi, na kweli ndivyo. Kumbe pia ni kosa la kupitiwa. Bosi akajibu kwa mstari mmoja: kosa gani? Nilijifungia chooni dakika kumi natafuta jibu. Tangu hapo neno jipya silitumii mpaka nilione kwenye sentensi tatu za watu wengine.

Karibuni, msione aibu. Wengi wetu tumesoma kwa Kiswahili hadi la saba, kidato cha kwanza tukavamiwa na "photosynthesis".

Binti Mkubwa: Langu halikuchekesha siku ile. Mama alikuwa na uvimbe shingoni, akakatwa kipande kidogo kikapimwe, majibu yakaja kwenye bahasha. Msomi wa nyumba ni mimi, nikasoma mpaka nikakwama kwenye "benign". Nikanyamaza. Mdogo wangu kuona nimenyamaza akaanza kulia, nami nikalia kwa sababu yeye analia. Mama akauliza, "Mnanililia nami nimekaa hapa?" Jirani yetu nesi mstaafu ndiye aliyeichukua ile karatasi, akavaa miwani, akacheka: uvimbe si saratani. Baadaye nikajua kwamba kwa Kilatini "bene" ni vizuri na "male" ni vibaya, ndiyo maana ile ya saratani huitwa "malignant". Sasa nasoma kwa mizizi. Ukiishika "bene" unaondoka na "benefit", "beneficiary" na "benevolent" bila kukariri.

Kibarua Mstaafu: Dada, pole na hongera. Ila hivyo vipande vya maneno vina mitego. Mimi nilijua "in-" mbele ya neno inakanusha, kama "incomplete". Nikiwa godauni nikaona pipa limeandikwa "inflammable". Nikasema safi, hili haliwaki, nikaegemea na kutoa sigara. Msimamizi alinipiga kofi la mkono, sigara ikaruka huko. Kumbe "inflammable" na "flammable" ni kitu kimoja: inashika moto upesi!

Mleta mada: Mkuu, kiberiti ulikuwa umeshawasha?

Kibarua Mstaafu: Kilikuwa mkononi.