Jina la ukoo lanikera, nataka kulibadili. Nianzie wapi?

Baba Nuru: Asalaam aleikum. Ukoo wetu ni Chongo. Babu ya babangu alikuwa na jicho moja, watu wakamwita hivyo, karani akaliandika. Leo tumejaa toka Likoni hadi Kwale, na wote tuna macho mawili mazima! Bintiyangu wa darasa la nne huitwa "taa moja". Nifanyeje?

Mama Kaimati: Mwanangu, apendaye chongo huita kengeza. Kwetu twaitwa "kwa Kiguru" kwa ajili ya mguu wa nyanyangu, na kaimati zangu huisha kabla ya magharibi. Mfunze mtoto kujibu.

Baharia Mstaafu: Melini tulikuwa na Mskoti, Campbell. Kwa Kigaeli *cam* ni kupinda, *beul* ni mdomo. Mdomo-upande! Ukoo mkubwa huko Argyll. Jamaika nako limejaa, maana watumwa walibandikwa majina ya mabwana zao. Na babake Pompeius, yule jemadari wa Kirumi, aliitwa Strabo, yaani Kengeza.

Karani wa Zamani: Unatia sahihi hati ya kubadili jina, inasajiliwa, kisha inatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Lakini kuna mali yoyote kwa jina hilo?

Baba Nuru: Hilo halihusu.

Karani wa Zamani: Lahusu sana. Ipo?

Baba Nuru: Haya. Kuna shamba Likoni, mirathi iko kwa Kadhi na mimi ni mrithi. Lakini mtu si ni yuleyule? Tena wakili nimeshampa nusu.

Karani wa Zamani: Binamu zako watasema umeukana ukoo. Ngoja kesi iishe.

Dafu: Ukoo hautaki, minazi aitaka 😂

Kisu Kikali: Kwani jicho lilitokaje?

Baba Nuru: Waya ulimchapa wakijenga daraja la Nyali.

Kisu Kikali: Daraja lililofunguliwa 1980? Babu ya babako alikuwa kibarua na miaka mia? Hadithi ya kutunga hii.

Baba Nuru: Wallahi kweli! Ni lile la kwanza, la kuelea, la 1931.

Kisu Kikali: Umetoka kutafuta kwenye simu sasa hivi.

Dafu: Chongo, lakini Gugo aiona.

Baharia Mstaafu: Lile la kuelea nimelivuka mimi, kijana. Siku moja na baiskeli ya ami yangu…

Kisu Kikali: Baiskeli tena! Baba Nuru, jibu. Uko wapi?

Baba Nuru: Nipo. Wakili amepiga, ataka ile nusu nyingine.