Tupeane uzoefu: chupa ya uji kwa mgonjwa na anayemuuguza

Bibi Upawa: Wadau, ile mada ya nini cha kubeba ukienda kuona mgonjwa imenikumbusha uji. Juisi za boksi na biskuti zinarundikana tu kwenye kikabati cha kitanda. Mtu wa siku ya nne wodini anatamani kitu cha moto cha nyumbani. Anayejua kuufikisha ukiwa bado mzuri atueleze.

Chungu Kikuu: Unga wa ulezi kikombe kimoja cha chai, maji vikombe sita. Viwili vya baridi vorogea unga, vinne vichemshe. Mimina huku unakoroga mfululizo mpaka uchemke, punguza moto, uache dakika 20. Ukiutoa mapema unakuwa na ladha ya unga mbichi, mgonjwa anaonja mara moja anasukuma kikombe. Pitisha kwenye chujio. Chupa ijaze maji yanayochemka, funga dakika tano, mwaga, ndipo utie uji ungali unatokota. Chupa baridi inaumaliza moto kabla hujafika getini.

Ndimu Mbili: Maziwa na ndimu chagua kimoja, ukichanganya maziwa yanakatika.

Mla Karanga: Maziwa acha kabisa, yanachachua uji. Weka karanga.

Ndimu Mbili: Ukiwa moto hauchachi, mkuu. Unaharibika ukibaki vuguvugu. Hapo usikae zaidi ya muda wa saa mbili, wa maziwa au wa karanga.

Zamu ya Usiku: Jamani, kabla ya ndimu na karanga, muulizeni nesi kama mgonjwa anasubiri upasuaji. Hali huwa hivi: ndugu anafika alfajiri na chupa, mgonjwa hajala tangu jana, anamnywesha vikombe viwili kwa huruma. Saa nne anaitwa chumba cha upasuaji. Uji ni chakula, si maji, unatakiwa uwe umepita angalau muda wa saa sita. Akipewa dawa ya usingizi tumbo limejaa, uji unaweza kupanda ukaingia kwenye mapafu, na hapo ni kufa na kupona. Mgonjwa anaogopa kusema, ndugu ameshaondoka na chupa yake. Ukigundua ameshakunywa, sema palepale, upasuaji usogezwe.

Bibi Upawa: Ee Mungu wangu. Hii watu wote waisome.

Kanga Moja: Na mwenye mpira puani usimnyweshe wewe, mwachie nesi. Wa kisukari, sukari ikae pembeni. Wa figo usimbebee ndizi wala madafu bila kuuliza.

Mla Karanga: Mzazi je? Kwetu uji wa mzazi bila pilipili manga si uji, inasafisha tumbo.

Kanga Moja: Kaka, tumbo la uzazi linajirudi lenyewe, pilipili haisafishi kitu. Kidogo kwa ladha sawa. Aliyejifungua kwa upasuaji, subiri nesi aruhusu. Na asali asilambishwe mtoto, mpaka atimize mwaka.

Chungu Kikuu: Nilisahau: beba vikombe viwili. Anayeuguza analala kwenye mkeka nje, na kila mgeni anamuulizia mgonjwa tu.

Ndimu Mbili: Kweli kabisa. Huyo hana wa kumpikia.

Zamu ya Usiku: Bandika plasta kwenye chupa, andika wodi na namba ya kitanda. Chupa zote hufanana, na mfuniko ndio wa kwanza kupotea.