i5-4590 inaganda kwenye gemu kubwa: nibadilishe prosesa au ninunue mashine mpya?

FeniKelele
Habari wakuu. Nina desktop ya ofisini, kasha lile jembamba: i5-4590, RAM GB 8, hadidiski, pawa saplai ya wati 255. Mwaka jana niliipachika kadi ya picha, GTX 1650 fupi isiyohitaji waya wake wa umeme, inajitosheleza na wati 75 za kwenye sloti. Gemu za mpira zinakwenda vizuri. Shida ni hizi za dunia kubwa. Nikiingia mjini na gari kwa kasi, picha inaganda, halafu ukuta unatokea nikiwa nimeshaugonga. Nimeshusha kila kitu mpaka nyuso za watu zimekuwa kama zimechongwa kwa panga, bado inaganda vilevile. Nimeona i7-4790 iliyotumika, soketi ni ileile. Niichukue, au hela niitunze ya mashine mpya? Mdogo wangu anasema nitupe tu, ila yeye hata mausi hajawahi kununua.

Kori4
Mkuu ichukue. Kori ni 4 zilezile lakini nyuzi (kazi inazoshika kwa mpigo) 8 badala ya 4, na wati 84 kama hiyo uliyonayo. Paka pesti mpya ya kupitisha joto, umemaliza.

MzeeWaBisibisi
Taratibu jamani. Umeshusha picha na hakuna kilichobadilika, kwa hiyo kadi haina kosa. Wamebaki washukiwa watatu: prosesa, RAM na diski. Acha Task Manager (dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinatumika kiasi gani) wazi, cheza dakika kumi, ikiganda tu toka kwenye gemu uangalie nani kafika 100. Na hiyo GB 8 ni kijiti kimoja au viwili?

FeniKelele
Kimoja, mzee. RAM imekaa 7.6, diski 100%, prosesa inacheza kati ya 70 na 90.

MzeeWaBisibisi
Basi umeshajijibu. RAM ikijaa, Windows inahamishia mzigo kwenye diski, na diski hiyohiyo ndiyo inayohangaika kuleta kuta zako. Weka SSD ya SATA (diski ya kasi isiyozunguka) na kijiti cha pili cha GB 8. SSD utahama nayo. DDR3, aina ya RAM uliyonayo, haiingii kwenye mazabodi mpya, kwa hiyo tafuta iliyotumika, usiigharamie. Hiyo i7 nayo itafia humohumo: haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 ilifikia ukomo wa huduma 14 Oktoba 2025. Ukitaka gemu za mtandaoni zinazodai TPM 2.0 (kinga ya usalama ya ndani ya mashine), hapo nunua mpya, usihangaike.

Sloti_Moja
Naongezea: usitamani kadi kubwa. Pawa saplai za makasha hayo mara nyingi zina umbo lake na plagi zake. Mimi nilinunua ya kawaida, haikuingia kwenye kasha wala haikuchomeka.

FeniKelele
Nimerudi. SSD na kijiti vimekaa. Sasa naingia mjini na kuta zimeshafika kabla yangu! Penye watu wengi bado inashtuka, na safari hii prosesa ndiyo inagota 100. Hata hivyo i7 nimeiacha, hela naitunza. Kadi nitahama nayo. Lile bati refu la kuifungia kwenye kasha kubwa bado limo kwenye boksi lake, nimehakikisha. Mdogo wangu tangu jana anadai zamu.